Saa inasema kajikuna usiku kucha, mwenyewe anasema kalala: utatuzi wa matatizo ya vihisi vya kujikuna

Tuanze na jina la hiki kifaa cha kupima kujikuna usingizini, maana lenyewe limeshatuletea tatizo. Huku Mbeya ukibisha hodi ukasema umeleta "sensa", mwenye nyumba anakuuliza kulikoni, mbona mwaka 2022 walishahesabiwa. Kwa hiyo "sensor" ya Kiingereza mimi naiita kihisi. Wagonjwa wanaita saa, ingawa haina mishale wala namba, na jina hilo limeshakubalika hata kwetu sisi wa data.

Ni kidude kidogo kuliko kiberiti, kinafungwa juu kidogo ya kiganja. Ndani kuna kipima-mchapuko kinachoandika mtikisiko wa mkono kwa mihimili 3 (mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini), mara 25, 50 au 100 kila sekunde, kwa siku 7 au zaidi. Baadaye programu inapitia faili na kutafuta mtikisiko wenye mdundo wa kujikuna. Faida yake ni kwamba aliyelala hawezi kukwambia amejikuna mara ngapi, na kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitangazi kama unavyoonekana kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Felix na Shuster, nchini Uingereza, walichapisha mwaka 1975 njia ya kupima kuwashwa kwa kuhesabu mijongeo ya viungo.

Ila saa inapima mkono. Haijui kama ngozi inawasha, haijui kama mkono umegusa ngozi, na haijui mkono ni wa nani. Karibu matatizo yote hapa chini yanatoka kwenye mojawapo ya hayo matatu, na la nne ndilo kubwa lao: ilikuwa saa ngapi. Nimeyapanga kwa jinsi yalivyonipotezea muda. Programu nimeiweka mwisho kwenye lawama, kwa kuwa mara nyingi nimeishutumu bure.

## Anajikuna mfululizo tangu alfajiri hadi karibu na mchana

Faili la kwanza lililonitoa ofisini lilikuwa la bibi mmoja wa upande wa Tukuyu. Kwa mujibu wa grafu alilala kimya hadi saa kumi na moja alfajiri, halafu akajikuna, kwa vipindi virefu virefu, hadi saa tano asubuhi. Siku saba zote hivyohivyo. Nikaanza kuwaza dawa gani inaisha nguvu alfajiri. Nikapanda gari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefuata saa yako?"

"Hapana, bado ni yako. Nimekuja kuuliza. Asubuhi muwasho unakusumbua sana?"

"Asubuhi? Usiku ndio unanisumbua. Asubuhi nafanya kazi."

Kazi ilikuwa pale pale mbele yangu. Beseni lililojaa nusu, na bibi ameshika hindi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukilisugua kwa gunzi: mara tatu, nne kwa sekunde, anapumzika, analigeuza, anaanza tena. Saa yetu iko kwenye mkono wa kulia, inaandika kila kitu kwa uaminifu mkubwa. Kupukuchua mahindi na kujikuna, kwa macho ya kipima-mchapuko, ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa kwa nini programu ilidhani bibi amelala saa nne asubuhi? Kwa sababu ya daftari la usingizi, ambalo ndilo linaloiambia programu mtu alilala na kuamka lini. Mjukuu wake aliandika vizuri kabisa: "Kulala saa 3. Kuamka saa 11." Aliyeingiza data, kijana makini, akaandika 03:00 na 11:00. Hapo ndipo uchawi ulipo: kutoka saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 8, na kutoka 03:00 hadi 11:00 nako ni saa 8. Usingizi wa saa 8 hauna shaka yoyote. Programu haikushtuka, na mimi sikushtuka. Ingekuwa saa 14 au saa 2 tungeliona siku ileile.

Programu iliyotengenezwa ughaibuni haijui kwamba siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kwa hiyo daftari liwe na neno kando ya kila saa: usiku, alfajiri, asubuhi. Kugeuza afanye mtu mmoja tu, kwa kanuni moja iliyobandikwa ukutani. Saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 3 usiku inakuwa 21:00. Saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri, toa 6: saa 6 usiku inakuwa 00:00, saa 11 alfajiri inakuwa 05:00. Usiwaambie wagonjwa waandike kwa saa ya simu. Tulijaribu. Wengine waliandika ya simu, wengine ya Kiswahili, na yupo aliyeandika kulala kwa moja na kuamka kwa nyingine.

Kuna tabaka la tatu. Nyingi ya saa hizi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Kwa hiyo usiku ukikaa mahali pasipo pake, usikisie, pima umesogea kiasi gani. Ukisogea kwa saa 3, ni UTC. Kwa saa 6, ni Kiswahili. Kwa saa 9, yote mawili yamekutana kwenye faili moja na yanahitaji kutenganishwa taratibu. Ukisogea kwa saa 24 kamili, tatizo ni jina la usiku: kwa wengine "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa wengine ni Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" na ugomvi unaisha.

Wapo wanaokimbilia kulaumu kifaa kwamba saa yake inachelewa. Fuwele ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni inapotea sekunde 1.7 kwa siku, yaani kama sekunde 12 kwa wiki. Haiwezi kuhamisha usiku. Ukikuta imepotea dakika nyingi, betri ilikufa katikati ikafufuka na muda mwingine. Dawa ni ya bure: siku ya kufunga na siku ya kufungua, gonga saa mezani mara 5 kwa nguvu huku ukitazama simu, uandike muda. Zile nundu tano zinaonekana kwenye grafu kama vigingi.

Bibi wa Tukuyu, tulipomrudishia usiku wake halisi, alionekana akijikuna sana kati ya saa nne na saa saba usiku. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe akiwa na gunzi mkononi.

## Anajikuna zaidi tangu umfunge saa

Hili lilinitokea kwa simu. Tulikuwa na utaratibu wa kupiga siku ya tatu kuhakikisha kifaa kiko hai. Kina taa ndogo ya kijani inayopepesa. Nikampigia mama mmoja wa Uyole.

"Mama, saa inawaka?"

"Inawasha, mwanangu. Inawasha kweli."

Nikaandika: inafanya kazi. Nikamshukuru. Siku ya kufungua nikakuta chini ya mkanda kuna pete ya vipele imezunguka mkono mzima, na faili limejaa vipindi vifupi vifupi ambavyo havikuwepo usiku wa kwanza. Alikuwa ameniambia ukweli kwa Kiswahili fasaha, mimi ndiye niliyesikia nilichotaka. Tangu siku ile nauliza mawili tofauti: taa inaonekana? Na mkono chini ya mkanda ukoje?

Dalili ya mkanda unaoleta muwasho ni hii: kujikuna kunapanda kadiri siku zinavyokwenda, na ukivalisha saa mikono yote miwili, mkono usio na tatizo ndio unaofanya kazi, maana ndio unaomkuna mwenzake. Chanzo cha kawaida ni jasho na sabuni vilivyonaswa chini ya mkanda wa silikoni. Anafua, anaosha vyombo, maji yanaingia, hayatoki. Wachache wana mzio wa nikeli kwenye kifungo. Wanaobandika kihisi kwa gundi wana shida yao nyingine, gundi yenyewe.

Weka mkanda wa kitambaa. Uwe na miwili kwa kila mtu, mmoja ukifuliwa mwingine unavaliwa. Kaza kiasi cha kidole kimoja kupita. Na kama ngozi ya hapo tayari ina vidonda, usifunge kabisa, tafuta njia nyingine. Hakuna data inayostahili kumwongezea mtu ugonjwa uliokuja kuupima.

Usiku wa kwanza, hata kama mkanda ni mzuri, mimi huutupa. Mtu aliyefungwa kitu kigeni mkononi analala kama mgeni.

## Miguu ina mikwaruzo mibichi, lakini saa inasema usiku ulikuwa shwari

Hapa kabla ya kufungua kompyuta, mwombe mtu akuonyeshe anavyojikuna. Usimwelekeze. Utashangaa. Mmoja anasugua kisigino cha mguu huu kwenye muundi wa mguu ule, mikono imetulia kifuani. Mwingine anasugua mgongo kwenye ukuta wa tofali za kuchoma. Mwingine anatumia vidole tu, kiganja kimelala palepale juu ya paja, na saa iliyofungwa juu ya kiganja haisikii kitu. Upande wa Rungwe, ambako usubi wa mitoni umekuwa ukieneza minyoo inayokaa chini ya ngozi, muwasho wa miguu na makalio si jambo la ajabu, na miguu ndiyo inayojikuna yenyewe kwa yenyewe.

Kwa tatizo la vidole kuna waliotafuta jibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walieleza mwaka 2021 kihisi laini kinachobandikwa nyuma ya kiganja. Kinasoma mjongeo wa mkono, na pia mitetemo midogo ya kasi inayotoka kucha zinapopita juu ya ngozi. Ni wazo zuri. Sisi wenye saa za mkononi tunafanya tunachoweza: saa mbili, mkono na mkono, na kwa anayejikuna kwa miguu tunaongeza moja kwenye kifundo cha mguu. Ukiwa na saa moja tu, ivalishe mkono anaoutumia zaidi, na uandike ni upi. Usiandike "wa kula" ukadhani umemaliza. Kwa wengi ni wa kulia, lakini niliwahi kukuta mzee anayekula kwa kulia na kufanya kila kitu kingine kwa kushoto.

Watoto ni mlango mwingine. Mama aliyelala na mwanawe ndiye anayemkuna. Mkono wa mtoto umetulia, mgongo wake unakunwa, faili lake halina kitu. Ukimvalisha mama saa nyingine, unayaona yote kwenye mkono wake.

Halafu kuna piritoni. Mtu anatumia vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, kujikuna kunashuka, kila mtu anafurahi, ila mwenyewe akiamka anasema muwasho uko palepale. Saa haikukosea na yeye hakosei. Dawa imelaza mkono. Ndiyo maana swali la dawa alizomeza usiku ule, hata za dukani, lazima liwe kwenye daftari. Uliza pia kuhusu kucha zilizokatwa jana na soksi zilizovalishwa mikononi. Soksi hazipunguzi mjongeo, zinapunguza mikwaruzo, kwa hiyo zinageuza picha upande wa pili: saa inasema kajikuna sana, ngozi haina mkwaruzo.

## Saa inalia, mwenyewe anakataa

Mara nyingi mwenyewe yuko sahihi nusu. Kujikuna hutokea zaidi kwenye usingizi mwepesi, na asubuhi hakumbuki. Lakini usimwambie hivyo kabla hujaondoa mengine.

Kwanza, nani alivaa? Kuna saa ilirudi kwetu na mjongeo wa kukimbia saa kumi jioni kila siku, kutoka kwa mzee mwenye fimbo. Mjukuu alikuwa anaiazima akienda kucheza mpira.

Pili, alikuwa akifanya nini kitandani? Kumpigapiga mtoto mgongoni alale ni mdundo mzuri kabisa, mara mbili kwa sekunde, dakika kumi bila kukosea. Hapo hapo ndipo unapoutofautisha: kujikuna huwa na pupa, kunaanza ghafla, kunabadilisha kasi, kunahama mahali. Kubembeleza hakuna haraka. Simu nayo ina mtikisiko wake mdogo wa kidole gumba. Kunguni na viroboto ni jambo jingine kabisa, kwa sababu pale anajikuna kweli, ila si kwa ugonjwa unaoufuatilia. Angalia godoro. Ndiyo, liinue uliangalie, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Kisha fanya jaribio ambalo nadhani lingefaa kuwa la lazima kwa kila mtu anayefungwa saa. Linachukua dakika tano. Anakaa, unagonga saa mezani mara 5, halafu: sekunde 10 ajikune mkono kwa nguvu, sekunde 10 ajikune paja, sekunde 10 kwa vidole tu bila kuinua kiganja, sekunde 10 avute blanketi na kugeuka, sekunde 10 apigepige mto. Katikati ya kila moja atulie sekunde 10. Ukifungua faili unakuwa na kamusi ya mkono wa mtu huyo. Kujikuna kunaonekana kama meno ya kitana, manne hadi matano kwa sekunde kwa wengi niliowapima. Kugeuka kitandani ni ngazi: mstari unaruka mara moja na kubaki kwenye kimo kipya, kwa kuwa mkono umelalia upande mwingine na mvuto wa dunia sasa unaangukia mhimili mwingine. Ukiiona tofauti hiyo kwa macho yako mara moja hutaisahau, na utajua pia lini programu inakudanganya.

Ukweli wa mwisho unatoka kwenye kamera ya mwanga usioonekana, mtu akitazama video na kuhesabu. Ndicho kipimo ambacho vihisi vyote hulinganishwa nacho. Kwa nyumba ya chumba kimoja wanacholala watano, mimi sijawahi kuthubutu hata kuiomba, na kamati ya maadili ingeniuliza swali lilelile ninalojiuliza mimi.

## Namba ya saa na namba ya mdomo hazipatani

Hazipatani mara nyingi, na hilo peke yake si kosa la kurekebishwa. Kuwashwa ni hisia, kujikuna ni tendo. Mwingine anajizuia, mwingine amezoea kujikuna hata pasipowasha. Unachotafuta ni kama kuna kosa limejificha ndani ya tofauti hiyo.

Anza na neno. Kuwasha kwa Kiswahili kuna kazi nyingi kupita kiasi: taa inawashwa, pilipili inawasha, koo linawasha, ngozi inawasha. Ukiuliza "kulikuwasha kiasi gani jana, kutoka 0 hadi 10", kuna atakayekupa 8 kwa ajili ya dawa ya kupaka iliyomchoma. Mimi nauliza kwanza: ilikufanya utake kujikuna, au ilikuunguza? Daktari Mjerumani Samuel Hafenreffer aliueleza muwasho mwaka 1660 kuwa ni hisia isiyopendeza inayoleta hamu ya kujikuna, na baada ya miaka yote hiyo sijaona swali la mlangoni linalolizidi hilo.

Kisha ngazi yenyewe. 0 hadi 10 inampa shida ambaye hajazoea kujipima kwa namba. Nimeona wazee wakitaja 5 kila siku kwa adabu tu. Vidole kumi vinasaidia. Na uliza muwasho mkali zaidi wa usiku uliopita, si wa "siku hizi", maana saa haina habari na siku hizi.

## Matibabu yameanza, kujikuna kumepanda

Usiandike dawa imeshindwa. Kwa upele wa wadudu, muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya wadudu kufa, kwa sababu ngozi bado inagombana na mabaki yao. Kwa minyoo ya usubi, siku chache za mwanzo baada ya kumeza ivermectin muwasho na uvimbe vinaweza kupanda kwa sababu vijiminyoo vinakufa ndani ya ngozi. Kilele kwenye grafu siku ya pili ni kitu cha kumwonyesha daktari pamoja na tarehe ya dozi. Peke yake hakisemi lolote.

Kikishuka halafu kikapanda tena wiki ya tano au ya sita, uliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Upele ukitibiwa kwa mmoja katika nyumba ya watu sita, unarudi kutembea.

Kwa wakulima wa pareto, Makete na Mbeya vijijini, tazama kalenda ya kuchuma. Maua yake yanawapa baadhi ya watu mzio wa ngozi, mikononi na usoni, na kujikuna kwao kunafuata mavuno. Baridi ya Juni na Julai nayo inakausha ngozi, na anayeoga maji ya moto bila kupaka mafuta anajikuna bila ugonjwa wowote. Ukilinganisha wiki ya Mei na wiki ya Julai bila kukumbuka hilo, utatunga ugonjwa.

## Programu haijui kama saa imevaliwa

Njia ya kawaida ni kuangalia utulivu: kama mihimili 2 kati ya 3 haikutikisika zaidi ya sehemu 13 kwa elfu za g (g moja ni nguvu ya mvuto wa dunia) kwa muda wa saa nzima, saa iko mezani. Mzee aliyelala fofofo anaweza kuhukumiwa kwa sheria hiyo hiyo kwamba hakuvaa. Ndiyo maana tunaongeza kipimo cha joto. Ila joto nalo lina mahali pake. Makete usiku wa Julai, saa iliyovuliwa inapoa upesi hadi unaona mteremko kama wa mlima Kitonga. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, Novemba, chumba chenyewe kina joto linalokaribia la ngozi, na mpaka uliouweka ukiwa Makete utakwambia saa imevaliwa wakati inaning'inia msumarini. Weka mpaka kwa kila mahali. Usinakili.

Na tahadhari na basi. Tulikuwa tunatuma saa kwa kifurushi, zikiwa zimeshawashwa, kutoka Mbeya kwenda Njombe. Barabara ile ikazipa mtikisiko wa saa kadhaa, na programu ikatuletea mtu aliyejikuna kuanzia Chimala hadi Makambako. Ziwashwe zikifika.

## Namba zimekaa juu hata saa ikiwa mezani

Saa iliyotulia lazima isome jumla ya 1 g, kwa kuwa mvuto wa dunia uko palepale. Ilaze kwa pande zake 6, dakika moja moja. Kila mhimili unatakiwa kufika 1 upande mmoja na hasi 1 ukigeuzwa. Ukiona 1.06 upande mmoja na hasi 0.95 upande mwingine, irekebishe kwenye programu kabla ya kuchambua. Ikibadilika kila ukiijaribu, ilidondoka mahali.

## Faili ni dogo mno, au betri imekufa usiku wa tatu

Faili dogo maana yake mtu ameweka mpangilio wa kuhifadhi namba moja kwa dakika. Hapo kujikuna kumeshapotea na hakurudi, kwa sababu meno ya kitana yamesagwa kuwa unga. Mihimili 3, baiti 2 kila mmoja, mara 50 kwa sekunde, inakupa takriban megabaiti 26 kwa siku. Chini ya hapo kwa mbali, kagua, ingawa baadhi ya vifaa hubana faili. Watu 10 kwa wiki ni karibu gigabaiti 1.8, kwa hiyo usimwambie muuguzi wa kituo atume kwa bando lake. Kachukue mwenyewe.

Betri: mara nyingi haikujaa tangu mwanzo. Pawabanki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, na saa hizi huvuta kidogo. Unaiacha usiku, asubuhi ina robo. Chaji kwa adapta ya simu ya kawaida, na umeme ukikatika uanze kuhesabu upya. Pini za kuchajia zikiwa na utando wa mafuta ya mgando na jasho, zifute kwa pamba na spiriti, zikauke, ndipo uchomeke. Zikishaliwa na kutu, iandike saa hiyo kuwa imekufa na uitoe kwenye sanduku siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajaichukua na kumfunga mtu.